Mbona hatuna podikasti ya vyura, ya watu wanaowapenda mpaka wanasahau saa?

Fundi wa Panzi

Jambo yenu wote. Niko fundi wa kushona, kazi iko Kadutu, nyumba iko Panzi, hapa Bukavu, na kutoka asubuhi mpaka jioni mguu uko ku mashine na hedifoni ziko mu masikio. Usiku nanunua mega za bei nafuu nashusha vipindi kumi ao kumi na mbili, kesho yake nasikiliza kimoja nyuma ya kingine. Za biashara nimesikiliza, za ndoa, za mupira, za siasa ya Kinshasa, za wachungaji, na nyingine za Nairobi na Dar. Sasa tangu mvua ya mwezi wa tisa irudi niko natafuta kitu kimoja tu na sikipati: podikasti ya vyura.

Si podikasti ya wanyama ambamo chura anapewa dakika tatu katikati ya simba na tembo. Hizo ziko. Muziki unapigwa juu ya sauti yake, mutangazaji anasema eh anateleza huyu, anacheka, wanapita kwa mamba. Nilihuzunika kabisa.

Munajua vile wanaume wanaongea juu ya mupira pale kwa kinyozi? Mutu anakumbuka pasi ya miaka ishirini iliyopita, nani aliipiga, kwa mguu gani, golikipa alikuwa amesimama wapi, na mwenzake anamukatalia anasema hapana ilikuwa mguu wa kushoto, wanabishana nusu saa na kichwa kimenyolewa upande mmoja, na hakuna hata mumoja anawaambia wafupishe. Hivyo njo nataka mutu aongee juu ya chura. Saa nzima juu ya koo la chura mumoja. Aseme jina la Kilatini bila aibu, aseme na jina la Mashi, luga ya hapa kwetu, aseme nani alimukuta wa kwanza na mwaka gani, apandishe sauti juu ya furaha.

Niwaambie kitu niliona Siku ya Mungu jioni. Mvua ilikatika, nikatoka nyuma ya nyumba pale kwenye mateke, kule maji ya bati yanaishia. Kulikuwa chura mudogo, kidole gumba changu kinamushinda, ameshikilia jani na vidole vyenye ncha za duara sawa vifungo vya shati ya mutoto. Nikawasha tochi ya simu nikaifunika na kipande cha kitambaa chekundu, mwanga usimutishe. Kwanza ngozi ya koo ilikuwa imekunjamana tu. Halafu ikajaa, ikajaa mpaka ikapita kichwa chake, nyembamba mpaka naona mishipa ya damu ndani, na sauti ikatoka, tik, kama kijiko ku chupa. Mbavu zinaingia, puto linatoka, puto linaingia, mbavu zinatoka. Mudomo umefungwa, pua zimefungwa, ile hewa haitoki inje, inatembea tu kati ya mapafu na koo, inaenda inarudi. Nilichuchumaa mpaka miguu ikakufa ganzi.

Hao wadogo wa majani ni ukoo wa Hyperolius, na kuna mumoja ana jina letu kabisa, Hyperolius kivuensis, alipewa mwaka 1931. Jina la Kivu liko mu vitabu vya dunia nzima juu ya chura, na siye tuliozaliwa hapa hatuna hata kipindi kimoja cha kumuzungumzia. Kama muko na podikasti munaijua mulete. Kama hakuna, tuongee.

Papa Neema

Binti yangu, nimesoma yote mpaka mwisho. Lakini wazee walisema kelele za vyura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Tuko na shida ya maji, ya barabara, ya masomo ya watoto. Nani atakaa saa nzima asikilize vyura?

Fundi wa Panzi

Papa Neema, shikamoo, na aksanti kwa kunisoma. Ile methali naipenda tangu mutoto na niliifikiria mingi juu ya mashine. Ng'ombe anakuja anakunywa anaenda, ni kweli, hakuna kinachomuzuia. Lakini zile kelele hazikuwa za ng'ombe hata siku moja. Kuna chura jike amekaa mu majani mita kumi pale, yeye anasikia kila kitu, anajua huyu ni mukubwa, huyu ni mudogo, huyu anapiga upesi, huyu amechoka, na anachagua baba wa watoto wake kwa sikio tu mu giza. Ng'ombe na siye tunasikia kelele, yeye anasikia majina. Mimi nataka kipindi kinachotusikilizisha vile yeye anasikia.

Na shida zetu nazijua papa, niko naishi ndani yake. Mutu mwenye shida anapumzika na kitu. Wengine na mupira, mimi na hii.

Fundi Redio Nyawera

Dada umesema kitu kikubwa na nataka kukiongezea juu ya kazi yangu ni sauti, nimetengeneza redio miaka mingi. Chura si munyama wa picha, chura ni munyama wa redio! Kwa video utaona kitu cha kijani kimekaa, basi. Wale wanaofanya utafiti usiku wanamutafuta kwa masikio kwanza, tochi inafuata nyuma. Sasa wanyama wote wangeweza kungoja, wa kwanza kupewa podikasti angekuwa huyu.

Muangalie mambo ya coquí, chura mudogo wa Puerto Rico. Jina lake ni sauti yake, ko halafu ki. Mwaka 1976 watafiti wawili, Narins na Capranica, walionyesha kwamba ile ko inaenda kwa madume wenzake, inawaambia hapa pana mwenyewe, na ile ki inaenda kwa majike. Na masikio yao yamepangwa vile vile, sikio la dume limekazwa ku ko, la jike limekazwa ku ki! Yaani sawa redio mbili ziko mu chumba kimoja, kila moja imefungwa ku stesheni yake. Mimi nilipoelewa hii niliacha kazi nikasimama.

Na kuna túngara wa Panama. Dume anaanza na sauti ndefu inayoshuka, kama mutu analalamika, na akisikia wenzake ni wengi anaongeza kikohozi kifupi ku mwisho. Majike wanapenda kile kikohozi. Lakini kuna popo, Trachops, naye anakipenda juu kinamuonyesha chakula kiko wapi. Kwa hiyo kila usiku ule chura anapiga hesabu, niongeze kikohozi nipate bibi ao ninyamaze nipone. Hapo pekee muko na vipindi vitatu.

Mama Sambaza

Kaka fundi redio kwa hiyo anakohoa ao hakohoi? Usituache mu njia.

Fundi Redio Nyawera

Mama, akiwa peke yake mara nyingi anaacha. Wakiwa wengi anaongeza, juu mu kundi kubwa popo hawezi kumukula kila mutu na majike ni wa kugombania.

Mukunga Bagira

Mimi niko mukunga na nina habari ya chura ambayo wamama wengi hawaijui. Kuna chura wa maji anaitwa Xenopus, yule wa kucha nyeusi ku vidole vitatu vya miguu ya nyuma, hana ulimi, macho yanatazama juu. Zamani, kutoka miaka ya 1930 mpaka miaka ya 1960, mwanamuke akitaka kujua kama ako na mimba, mukojo wake ulidungwa ndani ya chura jike wa Afrika Kusini, Xenopus laevis. Kama kuna mimba, ile homoni ya mimba ilimufanya chura atage mayai mu saa chache, kesho asubuhi jibu liko ndani ya chupa. Kazi hiyo ilitoka kwa Lancelot Hogben na wenzake kule Cape Town. Mbele ya hapo walitumia panya na sungura, na wale ilikuwa lazima wachinjwe ili waangaliwe ndani. Chura hakuuawa, alipumzishwa akatumika tena.

Kila siku nakamata kile kijiti cha kupima mimba, dakika mbili, mistari miwili. Na kila mara namukumbuka yule chura. Alibeba habari za furaha na za machozi za wanawake wengi sana. Hakuna mutu amewahi kunieleza hii ku masomo, niliisoma mwenyewe. Na huyo huyo Xenopus njo John Gurdon alimutumia, akatoa kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi akakiweka ndani ya yai lililotolewa kiini chake, akapata kiluwiluwi kizima. Kazi ilitoka mwaka 1962, Nobel ikamufikia mwaka 2012. Miaka hamsini! Kipindi chenu kikianza mimi nitakuja kuongea hii bure.

Fundi wa Panzi

Mama mukunga umenigusa kabisa, na sasa sitaweza kulala kabla sijaandika yote juu ya Xenopus juu njo chura wangu wa kwanza. Nilipokuwa mutoto tulichota maji karibu na shimo walimochimba udongo wa matofali, na ndani mulikuwa hao. Ukimukamata anatoka mu mukono sawa sabuni. Hana kope, hafungi macho. Tulikuwa tunafikiri ni bubu.

Si bubu. Anapiga sauti chini ya maji, hana hata puto la koo, hatumii hewa kabisa. Mu koo kuna vibati viwili vya gegedu vimeshikana, misuli inavivuta vinaachana kwa ghafula, tak, na maji yanabeba ile sauti. Na kwa Xenopus laevis jike naye anajibu! Akiwa tayari kutaga anagonga upesi upesi, na dume akisikia anachangamuka anamufuata. Akiwa hataki anagonga pole pole, na dume anaelewa. Wanazungumza mu maji machafu ambamo hakuna anayeona kitu. Nilikuwa nachota maji juu ya mazungumzo ya watu.

Sasa mulete akili hapa kidogo. Kromosomu ni zile nyuzi za urithi ndani ya seli, na mutu ako na 46. Xenopus tropicalis ana 20. Xenopus laevis ana 36, juu zamani sana jamii mbili zilichanganyika na watoto wakabeba vitabu vya pande zote mbili bila kutupa. Halafu huku kwetu milimani kuna Xenopus vestitus, ako na 72. Sabini na mbili! Waliochanganyika walichanganyika tena, vitabu juu ya vitabu. Kule Kameruni mu ziwa Oku kuna longipes ako na 108. Kwa siye mafundi ni sawa mutu amekata gauni moja na patroni nne zimewekwa moja juu ya nyingine, zote zinatofautiana kidogo ku kiuno na ku mabega, na gauni likatoka linamukaa vizuri kabisa. Nani alishona? Na patroni gani ilifuatwa ku mukono, gani ku shingo? Watafiti wako mu hiyo kazi mpaka leo. Na hilo jina vestitus, Kilatini, maana yake aliyevikwa nguo, alilipewa na mutafiti Raymond Laurent mwaka 1972. Mimi fundi wa nguo nikasoma hiyo nikacheka peke yangu kwa furaha mu kiwanja cha Kadutu, wateja wakaniangalia.

Mutoto wa Mwenga

Ya Fundi, umemutaja Laurent basi umenifungulia mulango. Mimi ni wa huko karibu na Itombwe. Mwaka 1951 yule Laurent aliandika juu ya chura wa Itombwe anaitwa Chrysobatrachus cupreonitens. Chrysobatrachus ni chura wa dhahabu, cupreonitens ni mwenye kung'aa kama shaba. Hapatikani popote duniani inje ya Itombwe, na ni peke yake mu jenasi yake, hana ndugu wa karibu. Baada ya wakati wa Laurent hakuna mutafiti alimuona tena, vita, barabara, miaka ikapita, wengine wakaanza kumuhesabu kati ya waliopotea. Mwaka 2011 Eli Greenbaum wa chuo kikuu cha Texas kule El Paso akapanda na Chifundera Kusamba wa kituo cha utafiti cha Lwiro, wakamupata. Ako pale. Alikuwa pale wakati wote.

Watu wanakuja Itombwe kutafuta dhahabu mu mito, wanageuza mawe, wanachafua maji, na chura mwenye jina la dhahabu ako anaishi mu majani yenye maji ya hiyo milima. Musitu ulitangazwa hifadhi mwaka 2006. Ningependa mutu aende kwa wazee wa kule na mikrofoni, awaulize walimuitaje, awache wazee waongee Kirega na Kifuliiru na Kibembe bila kuwakata.

Papa Neema

Nimerudi. Hii ya Itombwe sikuijua na nimezaliwa hapa. Lwiro nimepita mara mingi nikienda Katana, nikadhani ni majengo ya Wabelgiji tu.

Mutoto wa Mwenga

Papa, yale majengo yalikuwa ya IRSAC, taasisi ya utafiti ya Wabelgiji iliyoanzishwa mwaka 1947, leo ni kituo cha utafiti cha CRSN. Mu vyumba vyake mulihifadhiwa nyoka, samaki, ndege, vyura, kazi ya vizazi. Ni saa moja na kitu kutoka Bukavu kama barabara haijaharibika. Kipindi cha kwanza kingerekodiwa pale, mulinzi akifungua mulango tusikie na kufuli.

Mgeni wa Iringa

Habari za huko wakuu. Nasoma huu uzi kutoka Tanzania na nimeshindwa kupita kimya kimya. Mkifanya hiyo podikasti msimsahau wa kwetu wa Kihansi. Kachura kadogo ka manjano, kafupi kuliko kidole gumba cha mtu mzima, kalikuwa kanaishi kwenye rasharasha za maporomoko ya mto Kihansi tu, eneo dogo sana, na hakatagi mayai kama wengine, kanazaa vitoto vilivyo hai. Wanasayansi walikajua mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2000 bwawa la umeme likaanza kazi, maji yakaelekezwa kwenye mitambo, rasharasha ikakatika. Mwaka huo huo 499 wakapandishwa ndege kwenda Marekani, wakalelewa kwenye bustani za wanyama za Bronx kule New York na Toledo. Huku mlimani wakafungiwa mabomba ya kunyunyizia maji lakini haikutosha, ugonjwa wa kuvu ukaingia, mwaka 2009 wakatangazwa kwamba porini hawapo tena. Mwaka 2012 wakarudishwa nyumbani kwa ndege, zaidi ya elfu mbili. Fikiria wale waliorudi, wengine walizaliwa New York, hawajawahi kusikia maporomoko.

Huo ugonjwa wa kuvu mwuzungumzie pia, umewapunguza au kuwamaliza vyura dunia nzima, mwaka 2019 watafiti walihesabu jamii 501 zilizoathirika na 90 zinazodhaniwa zimekwisha kabisa. Chura anakunywa na kupumua kwa ngozi, kuvu linaigusa ngozi, moyo unasimama.

Fundi wa Panzi

Kaka wa Iringa karibu sana, hiyo ya kuzaliwa New York nimeisoma mara tatu.

Niwaambie na hii. Mwaka jana nilienda ku redio moja hapa mujini na wazo langu nimeandika mu kaye kurasa nne. Walinipokea vizuri, wakanipa dakika tano. Nilikuwa na sauti za vyura ku simu, nikawaomba waziache peke yake dakika moja tu. Waliweka muziki juu yake, wakasema musikilizaji akisikia kimya atageuza stesheni. Lakini haikuwa kimya! Ilikuwa vyura karibu mia moja, jamii zisizopungua mbili, zinapeana nafasi, mumoja anajaza pale mwenzake ameacha. Nilirudi Panzi na miguu nikifikiria hilo neno, kimya.

Kwa hiyo kama tutafanya wenyewe, naomba hiyo moja tu. Hakuna muziki juu ya chura. Mengine tupange pamoja.

Fundi Redio Nyawera

Nimekubali na mikono miwili. Dada, ukirekodi na simu, simu inajipandishia na kujishushia sauti yenyewe, njo maana vyura wanasikika kama wanapumua. Tafuta programu ya kurekodi yenye kukuachia uizime hiyo. Tumia WAV, si ile ya kubana. Weka simu ndani ya soksi upepo usipige, ifunge ku mti, utoke, uende mbali. Ukikaa karibu wananyamaza, na ukisimama bila kutikisika dakika kumi ao kumi na tano wanarudi mumoja mumoja, wa kwanza ni yule jasiri. Na usitume kama sauti ya WhatsApp, ile imetengenezwa kwa midomo ya watu, inakata juu. Tuma kama dokumenti. Mimi nitakata, nitasafisha, sitachukua hata franka moja.

Mama Sambaza

Na mimi nitatafuta majina kwa wavuvi. Wale wanalala ku maji kila usiku, hakuna mutu anasikia vyura kuwapita.

Fundi wa Panzi

Saa tano ya usiku. Umeme haupo, njo vizuri, hakuna redio ya jirani. Nimefunga simu ku mti wa avoka na kipande cha kanga ndani ya soksi, nikaingia nikakaa mu giza na mutoto wangu. Dakika 14 zimekamata vizuri. Nimetuma kama dokumenti sawa vile kaka amesema.

Mwanzo ni maji tu yanadondoka. Dakika ya 3 yule wa tik anaanza, peke yake. Dakika ya 6 wako wawili na wanapeana zamu, tik, tok, tik, tok, hawaingiliani hata mara moja, musikilize na hedifoni mutasikia mumoja ako kushoto. Dakika ya 9 mbwa analia wote wananyamaza, muhesabu sekunde, ni 40 na kitu, halafu jasiri anarudi.

Lakini dakika ya 11 kuna sauti ya tatu. Iko nyuma kabisa, ya chini, ndefu, sawa mulango umekosa mafuta, inakuja mara mbili tu. Mutoto aliniuliza ni nani huyo. Musikilize pale, dakika ya 11 na sekunde 20. Nani anamujua?